Samurai Anayekimbia

Maneno haya niliyasema Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa maktaba, mbele ya wanafunzi wanaopenda anime, yaani katuni za Kijapani, na wazazi wao wachache. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka. Nilichopunguza ni vikohozi tu.

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu za mwisho wa juma, nanyi wanangu mliowahi viti vya mbele, hamjambo?

Nianze kwa kukiri kosa. Mliponialika mlisema, "Mwalimu, wewe unafundisha historia, njoo utuambie kama hii anime ya samurai ni kweli au wametunga." Nikakubali upesi, nikidhani ni kazi ya dakika kumi. Samurai, yaani shujaa wa vita wa Japani ya kale, ninayemjua mimi ni yule wa filamu za zamani: mtu mzima, amenuna, haongei, upepo unapeperusha nywele, kisha upanga unachomoka na watu sita wanalala chini. Hata utani wangu nilishauandaa. Nikanunua bando, nikavaa spika za masikioni, nikafungua Nige Jozu no Wakagimi, ambayo wengi wenu mnaijua kwa jina la The Elusive Samurai. Shujaa mwenyewe akatokea: mtoto wa miaka minane anayewatoroka walimu wake.

Mimi ni mwalimu. Mnaweza kukisia nilivyomchukia kwa dakika tano za mwanzo.

Jina lenyewe lilitosha kunionya. Nige ni kukimbia, jozu ni hodari, wakagimi ni bwana mdogo. Bwana Mdogo Hodari wa Kukimbia. Ilitoka Julai 2024, sehemu kumi na mbili katika msimu wa kwanza, imetengenezwa na studio ya CloverWorks kutokana na manga, yaani hadithi ya picha, ya Yusei Matsui iliyoanza kuchapwa 2021. Nimetazama sehemu nne. Kwa hiyo leo mtapata maoni ya mtu aliyeonja mchuzi, hajala chakula. Ila historia nyuma yake naifahamu, na hapo nitawaharibia utamu. Asiyetaka kujua mwisho azibe masikio nitakapompa ishara.

Mtoto yule si wa kubuni. Anaitwa Hojo Tokiyuki. Baba yake, Takatoki, alikuwa mkuu wa ukoo wa Hojo, na ukoo huo ndio ulioishika Japani kutoka mji wa Kamakura. Hapa inabidi niwaeleze utawala wao, kwa sababu anime inawaandikia Wajapani, na Mjapani anayajua haya tangu shule ya msingi. Mtawala wa mashujaa aliitwa shoguni. Lakini ukoo wa shoguni wa kwanza, Minamoto no Yoritomo, ulikatika mwaka 1219. Hojo, waliokuwa wakwe zake, hawakujiita mashoguni. Walikuwa wakiwaleta watoto wa kifahari kutoka Kyoto, mji wa mfalme, wanawakalisha kitini, wao wanatawala kama walinzi wa kiti. Fikirieni waziri mwenye nguvu kuliko sultani, na uwaziri huo urithiwe baba kwa mwana kwa zaidi ya miaka mia moja.

Kilichowamaliza ni ushindi. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1274 na tena 1281 Wamongoli walivuka bahari kuivamia Japani, wakarudishwa. Sasa, shujaa wa Kijapani akipigana vizuri alitarajia kupewa ardhi, na ardhi hiyo ilitoka kwa adui aliyeshindwa. Mmongoli aliyezama baharini ameacha shamba gani? Watu walikuwa wamejigharimia farasi, silaha na chakula, wakarudi nyumbani na madeni. Mwaka 1297 serikali ikatoa amri kwamba mashujaa warudishiwe mashamba waliyoyauza au kuyaweka rehani. Ilisikika vizuri kwa mwezi mmoja hivi. Kisha wenye fedha wakaacha kuwakopesha. Ukimsamehe mtu deni kwa fedha ya mwingine, mjue duka litamfungia mlango kesho.

Kwa hiyo Tokiyuki anapozaliwa, nyumba imeshaliwa na mchwa na bado imepakwa rangi. Hilo anime inalionyesha vizuri kuliko nilivyotegemea. Sehemu ya kwanza ina rangi nyingi mno: maua, nguo, bahari, paa za mji zikimeta juani. Mtoto anawapenda watu wa mji wake, nao wanampenda. Hataki ukubwa. Nilikuwa nasubiri ngoma za vita zianze kusikika kwa mbali, kama filamu nyingi zinavyofanya. Hazikusikika. Unatazama mchana mzuri, unapepesa macho, mji unaungua.

Nilisimamisha picha. Si kwa sababu ya damu. Ni ile haraka. Wametumia muda mrefu kwenye mchezo wa watoto kuliko kwenye vita vilivyouangusha utawala mzima, na nadhani ni uamuzi wa makusudi. Mtoto wa miaka minane haoni vita vikikusanyika. Anaona tu kwamba jana kulikuwa na nyumba.

Sasa niwape kile ambacho anime ilikipita haraka, kwa sababu ninyi watu wa pwani mtakipenda. Kamakura imezungukwa na vilima pande tatu, na upande wa nne ni bahari. Njia za kuingilia zilichongwa katika miamba, nyembamba kiasi kwamba watu wachache waliweza kulizuia jeshi. Nitta Yoshisada, jemadari aliyewaasi Hojo, alifika na jeshi lake mwaka 1333 akakwama huko. Akauzunguka mji kupitia ufukweni, kwenye rasi ya Inamuragasaki. Taiheiki, ile simulizi ndefu ya vita vya karne ile, inasema alisimama kwenye mwamba, akamwomba mungu wa bahari, akautupa upanga wake wa dhahabu majini, na maji yakarudi nyuma zaidi ya kilomita mbili. Mzee yeyote wa ngalawa angewaambia jambo jingine: maji yalikupwa. Nitta alijua kusubiri maji, au alikuwa na mtu anayejua. Ila upanga unasimulika vizuri zaidi kuliko kalenda ya bamvua.

Watu wa Hojo walirudi nyuma hadi hekalu la ukoo wao, Toshoji, wakajiua. Taiheiki inataja zaidi ya watu 870 mahali pale. Hesabu za tenzi za vita tunazijua zinavyopanda, lakini hata mkiipunguza kwa nusu, ni ukoo mzima ndani ya mchana mmoja. Leo eneo lile ni kiwanja cha nyasi pembeni ya mji.

Hao wote walifanya kilichotarajiwa. Walikufa kiume, kama tunavyosema. Na mmoja, mdogo kuliko wengi wao, hakufanya hivyo.

Hapa ndipo anime ilinishika. Kuna kuhani, Suwa Yorishige, wa hekalu kuu la Suwa katika jimbo la Shinano, ambalo leo ni Nagano. Huyu naye alikuwepo kweli. Kwenye anime anang'aa uso kama taa za mkutano wa injili, anadai anaona yajayo, na anasema uongo kama muuza dawa wa stendi. Anamchukua mtoto hadi kwenye ukingo wa mwamba mrefu. Mtoto anasema nataka kufa pamoja na wazee wangu. Kuhani anamsukuma chini, katikati ya askari wanaomtafuta, kisha anawapigia kelele kwamba mrithi wa Hojo ndiye huyo hapo.

Mzazi mmoja hapa ameshtuka. Hata mimi nilishtuka. Lakini tazameni uso wa mtoto baada ya hapo. Panga zinapita kushoto, kulia, juu ya kichwa, naye anainama, anateleza, anaruka, mashavu yanapata rangi. Anafurahi! Dakika moja iliyopita alitaka kufa. Mwili wake umemkatalia. Huyu mtoto aliyekuwa akiwatoroka walimu wa upinde hakuwa mvivu hata kidogo. Alikuwa anafanya mazoezi ya kitu ambacho hakuna mwalimu aliyekijua kwa jina.

Tunayo methali, na najua ilishawafikia midomoni: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Tunaifundisha, tunaitungia insha, tunatoa maksi. Lakini niambieni ukweli, mtoto wako akirudi nyumbani amekimbia ugomvi, unampongeza? Unamuuliza, "Na wewe ulimpiga wapi?" Methali tunaikubali mdomoni tu. Wajapani wa karne ya 14 nao walikuwa hivyo hivyo: sifa zote kwa aliyekufa, na aliyebaki hai ajieleze. Ndiyo maana katika vitabu vya shule vya huko Tokiyuki hupata mstari mmoja au miwili, na sasa ghafla ana sehemu kumi na mbili.

Nije kwa mjomba. Tokiyuki alikuwa na kaka, Kunitoki. Takatoki alimkabidhi Kunitoki kwa Godaiin Muneshige, kaka wa mama yake, amtoroshe. Muneshige akaona ukoo umekwisha, akawaelekeza maadui alipo mpwa wake, mtoto akakatwa kichwa. Mjomba kumuuza mpwa! Katika sehemu ya pili anime inamlipa Muneshige palepale: Tokiyuki na watoto wenzake wawili, Kojiro na Ayako, wanamwinda usiku kama mchezo wa kukimbizana, na bwana mdogo mwenyewe ndiye anayemaliza kazi. Imechorwa kwa ufundi wa kutisha. Muneshige anaona dunia yote kama mchezo wa dadu, na picha zinazunguka naye.

Lakini nawaambia, Taiheiki ina mwisho mkali zaidi, na nasikitika hawakuutumia. Ndani yake hakuna mtoto anayelipa kisasi. Muneshige anakwenda kudai zawadi, na washindi wenyewe wanachukizwa naye kiasi kwamba wanataka kumuua. Anatoroka. Anazunguka akiomba chakula, na hakuna anayempa, si rafiki wa zamani, si mgeni, hadi anakufa njaa kando ya barabara. Muneshige na Tokiyuki wote walikimbia mwaka ule ule. Tokiyuki alifika Suwa, watu wakamfungulia mlango wakijua kwamba wakikamatwa naye watauawa. Muneshige alibisha hodi nchi nzima. Ningekuwa mimi mtengenezaji, ningewaweka wote wawili barabarani kwa wakati mmoja, nikae kimya, niwaache watazamaji walinganishe wenyewe.

Nina manung'uniko mengine. Utani unaingia pabaya. Kichwa kimekatwa, na sekunde chache baadaye kuhani anatoa mzaha wa kitoto. Vijana wananiambia ndiyo ladha yake, nami nasema pilipili haiwekwi kwenye uji. Pia kuna watoto wanaoua, na wanaua wakitabasamu. Wazazi, isiwadanganye kwa sababu nyuso ni za katuni; mtoto wa darasa la nne asiitazame peke yake. Kuhusu Ogasawara Sadamune, gavana wa Shinano anayemwinda Tokiyuki, wamemchora macho makubwa yanayokaribia kutoka usoni, kwa sababu alisifika kwa upinde. Nilicheka. Na shindano la upinde juu ya farasi, pale mtoto anapogeuka na kupiga mshale kuelekea nyuma huku farasi akienda mbele, nimelirudia mara tatu. Bando lilikwisha kwa ajili hiyo.

Ugomvi wangu mkubwa uko kwa Ashikaga Takauji.

Takauji ndiye aliyewageuka Hojo. Walimtuma Kyoto akazime uasi wa Mfalme Go-Daigo, ambaye naye, angalieni, alikuwa ametoroka kisiwa cha Oki alikohamishiwa. Kila mtu muhimu katika hadithi hii ameshawahi kukimbia. Takauji akafika huko, akageuza jeshi, akaishambulia ngome ya Hojo iliyokuwa Kyoto. Mke wake mwenyewe alikuwa binti wa ukoo wa Hojo. Kwa hiyo anime imempa uso wa malaika kwa nje na jini ndani yake, kitu kisichoelezeka kinachowavuta watu wamfuate. Picha zinatisha kwelikweli, sikatai. Ila ukimfanya mtu jini umejiondolea kazi ya kumwelewa.

Maana Takauji wa kweli anasumbua akili zaidi. Mtawa Muso Soseki, aliyemjua, alimsifu kwa mambo matatu: haogopi vitani, hawachukii maadui zake, na mkono wake hauna choyo. Kuna sala aliyoiandika kwa mkono wake mwaka 1336, akaipeleka hekalu la Kiyomizu mjini Kyoto, akisema dunia hii ni kama ndoto, akiomba neema ya maisha haya apewe mdogo wake Tadayoshi, yeye apewe ya akhera. Hiyo ni sala ya mtu aliyeshinda! Miaka miwili baadaye akawa shoguni. Na mahali palipokuwa na makazi ya Hojo mjini Kamakura pana hekalu liitwalo Hokaiji, lililoanzishwa 1335 kwa amri ya Go-Daigo, na Takauji akalishughulikia, ili roho za Hojo zitulie. Aliwaangamiza, kisha akawajengea pa kuombewa. Je, ni majuto, ni hofu ya mizimu, au ni siasa? Jini haliulizwi maswali hayo.

Sasa wale wa kuziba masikio, zibeni.

Julai 1335, mtoto sasa ana miaka kama kumi, Yorishige na watu wa Suwa wanamwinua kama bendera yao. Wanateremka kutoka milimani, wanashinda vita baada ya vita, wanaingia Kamakura. Tadayoshi, mdogo wake Takauji, aliyekuwa akiulinda mji, anakimbia. Mnaona? Safari hii mkimbiaji ni mwingine. Hojo wamerudi nyumbani. Walikaa siku kama ishirini.

Siku ishirini zinaonekana kichekesho hadi muone zilichofanya. Takauji aliomba ruhusa ya mfalme kwenda kuukomboa mji pamoja na cheo alichokitaka, hakukipata, akaenda vilevile. Akashinda. Halafu hakurudi Kyoto alipoitwa. Hapo ndipo yeye na Go-Daigo walipoachana, na kutokana na kuachana kwao Japani ikawa na wafalme wawili, mmoja Kyoto na mwingine milima ya Yoshino, hadi mwaka 1392. Karibu miaka sitini. Sisemi mtoto yule ndiye sababu peke yake. Ugomvi ulikuwa tayari unachemka. Lakini yeye ndiye aliyefunua sufuria.

Na siku ya mwisho ya zile ishirini? Yorishige na wakuu wengine walijiua, wakiwa wameziharibu nyuso zao ili maadui wasiweze kumtambua yeyote. Washindi wakaangalia maiti, wakasema bila shaka na mtoto yumo humu. Hakuwemo. Yule kuhani mwenye mizaha, yule niliyemlinganisha na muuza dawa, ndivyo alivyokufa. Toka nijue hivyo nimeshindwa kuucheka mzaha wake wowote, na nashuku mtunzi alitaka kila Mjapani anayejua historia atazame hivyo tangu sehemu ya kwanza, akicheka huku koo limemkaba.

Nilipofika hapo binti mmoja wa mstari wa pili alinyoosha mkono. "Mwalimu, kwa hiyo hawakumkamata?"

Swali zuri, mwanangu. Alijiunga na Go-Daigo, mfalme yuleyule aliyeuangusha ukoo wake, kwa sababu sasa walikuwa na adui mmoja. Akaingia Kamakura mara ya pili na jeshi la kaskazini la Kitabatake Akiie. Akatoweka. Mwaka 1352 akaingia mara ya tatu, akaupoteza mji tena, akatoweka tena. Miaka ishirini hivi ya kukimbia! Mwaka 1353 inaandikwa kwamba alikamatwa, akakatwa kichwa Tatsunokuchi, nje kidogo ya mji ule ule.

"Inaandikwa," nimesema. Kwa sababu karne nyingi baadaye kulikuwa na watu wa ukoo wa Yokoi waliojitambulisha kuwa kizazi chake, na zipo simulizi kwamba hata Tatsunokuchi alichomoka. Mimi ni mwalimu wa historia, siwezi kuwasahihishia jibu hilo kwenye mtihani. Ila kwa mtu aliyezikwepa panga namna ile tangu ana miaka minane, siwalaumu waliokataa kuamini kwamba siku hiyo alisimama.

Sehemu ya tano naitazama leo usiku. Nani ana bando la kunirushia?